Namna ya Kuwa Mpiga Picha za Sinema Kabla ya Sinema

Zaliwa Roxbury, mtaa wa jiji la Boston, Marekani, tarehe 21 Aprili 1872. Wazazi wako wawe wahamiaji kutoka Ujerumani, nao wakupe jina la kujaza mdomo: Johann Gottlob Wilhelm Bitzer. Jina hilo litakuja kuwa na kisa chake, lakini kwa sasa likunje ulitie mfukoni. Kwenye karatasi za kampuni utakuwa G. W. Bitzer, na kwa wenzako kazini utakuwa Billy.

Usitafute chuo cha kazi hii, kwa sababu kazi yenyewe haijazaliwa. Jifunze iliyo jirani nayo. Jifunze umeme, jifunze mashine, zoeza vidole kushika vitu vidogo bila kuvivunja. Kisha mwaka 1894, ukiwa na miaka 22, ingia kazini New York kwenye kampuni iitwayo Magic Introduction Company. Inauza vitu vya kushangaza watu, kikiwemo kikamera kidogo chenye umbo la saa ya mfukoni. Jamaa zako wakikuambia hapo si mahali pa kijana mwenye akili, wewe kaa. Haitapita miaka miwili watu wa hapo hapo watafungua kampuni ya picha zinazotembea, na dunia itakuja kuijua kwa jina la Biograph.

Nawaandikia mwongozo huu vijana wanaonijia na swali moja: mwalimu, ninunue kamera gani? Nalipenda swali hilo, maana anayeliuliza ameshapatwa na homa yetu na hatapona. Ila silijibu mpaka nimsimulie habari za Bitzer, fundi aliyeshika kamera tangu filamu ikiwa mchezo wa senti moja mpaka ikawa na nguvu ya kuwatoa watu majumbani mwao wakiwa na hasira. Wengi hawajawahi kumsikia. Bosi wake, D. W. Griffith, wanamjua vizuri. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonikalisha chini niandike.

Kamera yako ya kwanza itapakiwa kwenye gari la farasi. Edison ameomba hataza ya kamera yake, yenye mkanda wa milimita 35 uliotobolewa matundu pembeni, na kampuni yako haitaki kukutana naye mahakamani. Kwa hiyo W. K. L. Dickson, mtu yule yule aliyemtengenezea Edison kamera hiyo, pamoja na fundi mwenzake Herman Casler, wamebuni chombo cha aina nyingine. Mkanda wake ni mpana karibu mara mbili ya ule wa Edison, hauna matundu, na unavutwa na rola zinazoubana. Kitu kinachovutwa kwa kubanwa huteleza, na mkanda ukiteleza picha hazipangiki. Basi wakaifanya kamera iutoboe mkanda palepale inapopiga, ili baadaye chumbani mtu ajue kila picha ilisimama wapi. Vipande hivyo vilivyotobolewa vinamwagika chini miguuni pako kama maganda ya karanga. Ongeza mota ya umeme, ongeza betri zake, na utaelewa kwa nini wanaume kadhaa huitwa kila kamera inapohamishwa.

Utachoka. Lakini ukiona picha zake utasamehe yote. Zilikuwa kubwa na safi kuliko za washindani wako, na hata leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, unaona mikunjo ya nguo na moshi unavyojiviringisha.

Tarehe 12 Oktoba 1896 simama nyuma ya projekta kwenye ukumbi wa Hammerstein wa Olympia, New York. Uchaguzi wa rais uko wiki chache mbele na wakubwa wa chama cha Republican wamekuja, kwa kuwa programu ina picha za mgombea wao, William McKinley, akitembea kwenye bustani ya nyumba yake huko Canton, Ohio. Mgombea mwenyewe hayupo ukumbini. Anatembea ukutani, anavua kofia, na ukumbi unampigia makofi kana kwamba amefika. Baadaye inakuja treni ya Empire State Express, imeelekea moja kwa moja kwa watazamaji, na watu wanaruka vitini. Wewe huna nafasi ya kufurahi. Projekta nayo inavuta mkanda kwa kuubana, kwa hiyo mkono wako uko kwenye mashine muda wote, unairudisha picha mahali pake kila inapotaka kuhama. Usiku huo kaa ukijua kwamba umeshika kitu ambacho mwanasiasa amekielewa kabla ya msanii.

Miaka inayofuata kubali kila safari. Watakufunga mbele ya kichwa cha treni pamoja na kamera yako ili mtazamaji aone reli inammeza. Watakupeleka Cuba mwaka 1898, vita vya Marekani na Hispania vikiendelea, nawe utagundua kwamba vita havisubiri mtu apange betri zake. Hutakataa. Kila mahali unapofika unakuta jambo ambalo hakuna mtu duniani amewahi kulipiga picha zinazotembea, na unalitatua kwa bisibisi na kamba.

Ukipelekwa Coney Island tarehe 3 Novemba 1899, nenda umevaa nguo nyepesi. Jeffries na Sharkey wanagombea ubingwa wa ndondi wa uzani wa juu, ni usiku, na Biograph wamejitia kiburi kwamba watalipiga pambano zima ndani ya ukumbi. Mkanda wa wakati ule ni mzito wa kuona, unahitaji jua. Sasa jua halipo. Basi zimetundikwa taa za kaboni zipatazo 400 juu ya ulingo, karibu na vichwa vya wapiganaji, na mabondia wanapigana raundi zote 25 chini ya joto la tanuri. Kamera ziko kadhaa, zinapokezana, maana hakuna kamera inayobeba mkanda wa kutosha raundi 25. Watu wa kampuni shindani wameingiza kamera yao kwa siri kwenye kundi la watazamaji na wanaiba pambano kwa mwanga mliolipia ninyi. Jeffries alishinda. Kwangu mimi mshindi mwingine usiku ule ni taa: kuanzia hapo mpiga picha alijua kwamba mwanga unaweza kutengenezwa, na anayeweza kuutengeneza anaweza kuuweka anapotaka.

Somo hilo lipeleke kiwandani. Mwaka 1904 nenda kwenye viwanda vya Westinghouse karibu na Pittsburgh. Utakuta majengo marefu kama mitaa, yenye giza la masizi. Tundika taa za mvuke wa zebaki, kisha panda na kamera yako kwenye winchi kubwa inayotembea chini ya paa la kiwanda, uache mashine ikubebe polepole juu ya vichwa vya mafundi. Wengine wanainua macho kukutazama. Wapige na wasichana wanaosuka nyaya za mota, wamepangana kwenye meza, vidole vinakwenda kuliko jicho. Kampuni ilitaka matangazo ya kuonyesha kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis. Ilipata matangazo. Sisi tulipata wafanyakazi mia kwa mia, wakiwa hai, wakiwa na sura zao, na huwa nawaambia wanafunzi wangu watazame kazi hii kabla ya filamu yoyote ya hadithi.

Halafu, mwaka 1908, atakuja mwigizaji mmoja mrefu aliyeshindwa kuuza michezo yake ya jukwaani. Anaitwa Griffith. Kampuni sasa iko nambari 11, barabara ya 14 Mashariki, kwenye nyumba ya zamani ya matajiri ambayo ukumbi wake wa dansi umegeuzwa studio. Anaomba kuigiza, kisha anapewa kuongoza, na anakujia wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua. Mpokee vizuri. Inasimuliwa kwamba Bitzer alichukua kadibodi ya kufungia mashati ya dobi, akaigawa safu, akamwandikia humo mambo ambayo hadithi inapaswa kuwa nayo: mapenzi, mkasa, hatari, vichekesho, uokozi. Kadibodi ya shati! Kutoka hapo wawili hawa wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na katika mitano ya mwanzo Griffith aliongoza filamu zinazokaribia 450, nyingi zikiwa fupi za dakika 10 au 15, na nyingi kati yake zikipita kwenye lenzi ya Bitzer.

Sasa tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo ufundi wenyewe.

Kwanza mkono. Mota imeondoka na kamera inazungushwa kwa mpini. Mzunguko mmoja unapiga picha 8, mizunguko miwili kwa sekunde inapiga 16. Chukua kitu chochote chenye mpini, hata mashine ya kusagia nyama, ukizungushe mara mbili kwa sekunde kwa dakika tatu bila kupunguza wala kuongeza. Bega litaanza kukusemesha mapema. Wapiga picha wa enzi ile walikuwa wakivuma wimbo kimoyomoyo ili mkono usipotee, na wimbo huo uliwabidi usiyumbe hata farasi mia wakija mbio kuelekea kwao, kwa kuwa moyo ukienda mbio mkono nao hufuata, na mkono ukifuata watu kwenye pazia wanatembea kama wamo usingizini. Siku ukitaka watembee kama wamepandwa na mashetani, punguza mwenyewe. Ukitaka maumivu yakae machoni pa mtazamaji, ongeza. Mwendo wa dunia yote ile ulikuwa kwenye kifundo cha mkono wa mtu mmoja.

Mkono huo huo ndio uliokuwa maabara. Picha ikififia mwishoni mwa tukio, ni mpiga picha aliyefunga tundu la lenzi taratibu huku mkono wa pili unazungusha. Mzuka ukipita ukutani, ni mpiga picha aliyehesabu mizunguko, akaurudisha mkanda nyuma gizani kwa hesabu ile ile, akapiga tena juu yake. Hesabu ikikosea kwa mzunguko mmoja, kazi ya asubuhi nzima ya watu wote imeharibika, na hakuna atakayejua mpaka mkanda uoshwe. Siku ya baridi kavu mkanda unaweza kujisugua ndani ya kamera ukazaa cheche, na cheche zinachora matawi ya mti juu ya uso wa mwigizaji. Hilo nalo unaliona kwenye chumba cha giza, baada ya kila mtu kwenda nyumbani.

Pili jicho, na hapa lazima ujifunze kuona vibaya kwa makusudi. Mkanda wa siku zile hauoni wekundu. Midomo myekundu inatoka myeusi, mashavu yenye damu yanatoka kama yamechafuka, na anga la buluu linapotea likawa jeupe tupu. Wenye macho ya buluu wanatoka kama vipofu. Kwa hiyo kabla hujapanga kamera, geuza kichwani mwako dunia iliyo mbele yako, uione kama mkanda utakavyoiona, kisha ndipo useme simama pale, vaa hiki, futa kile. Kijana wa leo anaona matokeo kwenye kioo kidogo palepale. Bitzer aliyaona ndani ya fuvu lake. Uwezo huo nautamani kuliko kamera yoyote iliyowahi kuuzwa.

Tatu mwanga, na hapa napata shida kuandika kwa utulivu. Sheria ya wakati huo ilikuwa moja: jua liwe mgongoni mwa mpiga picha, limpige mwigizaji usoni. Kila mtu aliifuata, na ndiyo maana nyuso nyingi za filamu za mwanzo ni bapa kama sahani, macho yamefinywa. Bitzer anasimulia kwamba siku moja ya kupumzika alielekeza kamera kwa mzaha kwa Mary Pickford na Owen Moore waliokuwa wamekaa mezani, jua likiwa nyuma yao, na vitu vyeupe vilivyowazunguka vikilirudisha nyusoni mwao. Alitegemea picha iliyoharibika. Alichokiona baada ya kuosha ni nywele zenye mpaka wa nuru na nyuso laini zilizojaa mwanga usio na ukali. Kuanzia hapo akabeba vioo na vitambaa vyeupe kulirudisha jua. Ukiona leo bibi harusi aliyepigwa picha jioni pale Coco Beach, jua nyuma ya shela, na mtu kando ameshika ubao mweupe, tambua kwamba ubao ule una babu.

Kabla ya hapo, mwaka 1909, kwenye A Drunkard's Reformation, aliweka mwanga utoke upande wa moto wa jikoni tu, familia imekaa mbele yake, na giza likaachwa liwe giza. Mwaka huo huo kwenye Pippa Passes aliufanya mwanga utambae chumbani kuonyesha asubuhi inaingia. Wasimamizi wa wakati ule walipenda kila kilicholipiwa kionekane, kila kiti, kila kiatu. Kuthubutu kuacha nusu ya picha nyeusi ni ujasiri, nami huwaambia wanafunzi wangu waanze kwa kuzima taa, kisha wawashe moja na wangoje.

Usitarajie jina lako liandikwe. Biograph hawakuandika majina, si ya waigizaji, si yako. Desemba 1913 Griffith, akiwa ameshaiacha kampuni, aliweka tangazo kwenye gazeti la tasnia akijitaja kuwa mvumbuzi wa picha za karibu, picha za mbali na kufifiza picha. Kufifiza ni tundu la lenzi, na tundu la lenzi lilikuwa chini ya vidole vya Bitzer. Wewe fungasha vifaa, umfuate. Ndivyo alivyofanya.

Hatua inayofuata naomba usiifuate.

Mwaka 1914 Griffith alitaka kutengeneza filamu ndefu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na miaka iliyofuata. Fedha zikapungua, na Bitzer, kwa masimulizi yake, akatoa akiba yake, dola 7,000. Kazi karibu yote aliifanya kwa kamera moja ya Pathé ya kuzungushwa kwa mkono, akisaidiwa na kijana aitwaye Karl Brown. Alipiga vita mabondeni, moshi ukipanda kama ulivyopangwa na mchoraji. Alipiga vita vya usiku kwa mwanga wa fataki. Aliweka kamera kwenye gari lililokimbia mbele ya farasi, na wapanda farasi wakaonekana wanamjia mtazamaji kifuani. Filamu hiyo ni The Birth of a Nation, ilionyeshwa Los Angeles Februari 1915, na wapanda farasi wale waliovikwa utukufu ni Ku Klux Klan, kundi la wazungu la kuwatisha Weusi. Weusi waliokuwa wametoka utumwani inawaonyesha kama wajinga na wabakaji, wengi wao wakiigizwa na wazungu waliojipaka masizi.

Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka. Nikiitazama kwa moyo natetemeka kwa hasira, na nikiitazama kwa jicho la fundi naona mkono usioyumba, mwanga uliowekwa vizuri, farasi waliopigwa kutoka mahali panapofaa. Ubaya wake umekaa hapo hapo. Uongo ule ungepigwa ovyo, kamera ikitikisika na nyuso zikiwa bapa, watu wangeutazama mara moja wakausahau. Ulipigwa na fundi bora kuliko wote, ukaonekana kama kumbukumbu. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi kilichokuwa na miaka 6 tu, kilipigania izuiwe mji kwa mji. Huko Boston, mhariri Mweusi William Monroe Trotter aliongoza waandamanaji hadi kwenye ukumbi wa Tremont akakamatwa. Boston ndiko alikozaliwa aliyeipiga, na Roxbury yake, miongo michache baadaye, ikawa kitovu cha maisha ya Weusi wa jiji hilo. Novemba 1915 Klan, iliyokuwa imekufa zamani, ilifufuliwa juu ya mlima wa Stone Mountain, Georgia, na waliofufua walitumia filamu hiyo kuvuta wanachama.

Kijana wangu, siku moja utapewa kazi inayolipa vizuri na itakayokukosesha usingizi. Mwenye kuagiza atakuambia wewe ni mtu wa kamera tu, maneno ni ya wengine. Mimi siamini hivyo. Aliyeweka mwanga usoni pa shujaa amesema huyu ni shujaa. Bitzer alisema hivyo kuhusu watu wa Klan, kwa ufasaha mkubwa, akapata faida nono kwa akiba yake. Nampenda kwa taa zake na simsamehei kwa hili, na sijaona sababu ya kuacha lolote kati ya mawili.

Baada ya hapo ngazi inapanda kidogo kisha inashuka. Mwaka 1916 utapiga Intolerance, penye kuta za Babeli zilizojengwa kando ya barabara ya Sunset, Hollywood. Kuta zile hazienei kwenye lenzi, kwa hiyo utajengewa mnara wenye magurudumu juu ya reli, ndani yake lifti. Watu wanausukuma mnara mbele huku lifti inashuka, nawe uko juu unazungusha mpini kwa mwendo ule ule wa siku zote, unateremka kutoka angani mpaka miguuni pa wachezaji. Hakuna mota, hakuna kompyuta. Ni migongo ya watu na wimbo wako wa kimoyomoyo.

Mwaka 1917 toa mfukoni lile jina ulilolikunja. Marekani imeingia vitani dhidi ya Ujerumani, Griffith yuko Ulaya anatengeneza Hearts of the World, na mtu aitwaye Johann Gottlob Wilhelm hapati ruhusa ya kusogeza kamera karibu na mstari wa mbele.

Machi 1920 vaa kila nguo uliyonayo uende Vermont, kwenye mto ulioganda, kupiga Way Down East. Lillian Gish amelala juu ya bamba la barafu linaloelea, nywele na mkono mmoja vikiburutwa majini, na yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza iwe hivyo. Mafuta ndani ya kamera yanaganda. Utawasha moto mdogo chini yake ili mpini uzunguke, moto karibu na mkanda wa naitreti unaowaka kama petroli, kwenye kingo za barafu. Alisimulia Gish mwenyewe, ambaye mkono wake ule ulimsumbua maisha yake yote.

Wakati huo ameshakuja mtu mwingine studioni, Hendrik Sartov, ambaye anajua kuufanya uso wa Gish uwe kama ndoto kwa lenzi laini. Bosi anampenda. Wewe una miaka karibu 50, bega moja limechoka, na kila mwezi linatoka jambo jipya la kiufundi. Bitzer aliumia na hakuficha. Alipata kushiriki mwaka 1926 katika kuunda chama cha wafanyakazi wapiga picha New York, jambo ambalo waajiri hawakulishangilia. Alipiga filamu yake ya mwisho na Griffith, Lady of the Pavements, iliyotoka 1929, akishirikiana na Karl Struss. Sauti ikaingia kwenye sinema na simu ikaacha kulia.

Katika miaka yake ya mwisho alifanya kazi kwenye maktaba ya filamu ya Museum of Modern Art, New York, iliyokuwa imezipokea negativu za Biograph. Namwona mzee ameketi na mkanda mbele ya taa, anatambua chumba, anatambua dirisha, anakumbuka taa ilikaa wapi. Alifariki Aprili 1944, siku chache baada ya kutimiza miaka 72. Kumbukumbu alizoziandika zilitoka kama kitabu mwaka 1973.

Kazi zake za mapema tunazo kwa sababu ya karatasi. Mpaka mwaka 1912 sheria ya hakimiliki ya Marekani haikuitambua filamu, iliitambua picha ya kawaida tu, kwa hiyo kampuni zilichapa kila picha ya filamu kwenye ukanda mrefu wa karatasi, zikaupeleka Maktaba ya Bunge huko Washington kama rundo la picha. Mikanda ya naitreti ikaoza na kuungua. Karatasi zikakaa kabatini. Miaka ya 1950 watu wenye subira walianza kuzipiga picha upya, moja baada ya moja, zikarudi kuwa filamu.

Basi la mwisho la kufanya ni hili. Tafuta filamu moja ya karatasi hizo, aliyoipiga Bitzer tarehe 21 Mei 1905 kwenye reli mpya ya chini ya ardhi ya New York, kutoka barabara ya 14 mpaka ya 42. Reli ile ilikuwa na miezi 7 tu. Kaa nayo peke yako, bila sauti. Treni moja iko mbele, kamera iko kwenye treni inayoifuata, na kwenye reli ya pembeni linakwenda behewa la tatu, limejaa taa, mwendo mmoja na wao, likiwamwagia mwanga. Nguzo zinapita, zinapita. Ukitazama kwa makini utaona mwanga unazidi na kupungua upande mmoja kila behewa lile linapojitenga kidogo na kusogea tena, na picha haitikisiki. Kisha treni inasimama kituoni, milango inafunguka, na watu wanatoka na kofia zao, wanawake na sketi ndefu, wanatembea kwenye mwanga ambao hawajui umetoka wapi.